Dripu Nayo ni Dawa: Somo la Mishipa Midogo kwa Tiba ya Watoto wa Bonde la Kilombero

Katika zahanati na vituo vya afya vya Bonde la Kilombero, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, chupa ya maji iliyotundikwa juu ya kitanda ina heshima yake. Mama aliyetoka shambani akiwa amembeba mtoto mwenye homa kali huiona chupa hiyo kuwa ushahidi kwamba mwanawe amepokelewa kwa uzito unaostahili. Ndugu wanaofika jioni kumjulia hali mgonjwa huuliza kwanza kama ametundikiwa dripu. Hata mhudumu wa afya aliyezidiwa na wagonjwa hupata faraja kidogo anapoyaona matone yakishuka, kwa kuwa angalau kuna jambo linalofanyika. Imani hii haikuzuka hivi hivi. Maji ya mshipani yameokoa maisha ya wagonjwa wa kipindupindu, ya watoto waliokaushwa na kuharisha, na ya wanawake waliotokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Hata hivyo, imani hiyo inapohamishiwa kwa kila mtoto mwenye homa na mikono ya baridi, huwa hatari; na chanzo cha hatari hiyo kipo mahali ambapo jicho halifiki, ndani ya mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele.

Hoja inayotetewa hapa ni rahisi kuieleza, ingawa utekelezaji wake unataka subira: dripu ni dawa. Ina kipimo chake, ina wagonjwa wanaoihitaji, ina wagonjwa inayowadhuru, na uamuzi wa kuitumia unapaswa kuongozwa na kile kinachotokea katika mishipa midogo kabisa. Mpaka sasa, katika wodi nyingi, dripu huchukuliwa kama huduma ya jumla, mithili ya shuka na chandarua. Msimamo huo umekwisha kupimwa kisayansi katika ardhi ya Afrika Mashariki, na majibu yake hayapaswi kubaki katika majarida ya wataalamu peke yao.

Damu si maji

Katika karne ya 19, daktari Mfaransa Jean Poiseuille alipima namna maji yanavyopita katika mirija myembamba ya kioo. Aligundua kwamba upana wa mrija huamua mtiririko kuliko jambo jingine lolote: kipenyo kikipungua kwa nusu bila msukumo kubadilika, kiasi cha maji kinachopita hushuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Kanuni hiyo hufundishwa mpaka leo kwa wanafunzi wa udaktari, na ni sahihi kabisa kwa maji ndani ya mrija mgumu. Taabu huanza inapochukuliwa kama ilivyo na kuhamishiwa katika mwili wa binadamu, ambamo kimiminika chenyewe hubadilika tabia na kuta zenyewe hujongea.

Kwa mtu mwenye afya, takriban asilimia 40 ya ujazo wa damu ni chembe nyekundu zinazoelea katika utegili. Kwa ajili hiyo, mnato wa damu haukai mahali pamoja. Damu inapokwenda kasi, chembe hurefuka na kujipanga kufuata mkondo, na mnato hupungua. Inapopoteza kasi, chembe huegemeana na kushikana kama sahani zilizopangwa kabatini, na damu huwa nzito. Maji hayana tabia hiyo. Mnato wa maji ni ule ule yaende polepole au kwa haraka. Mwaka 1931, watafiti wa Uswidi Robin Fåhræus na Torsten Lindqvist walionyesha jambo jingine la kustaajabisha: katika mirija myembamba sana, damu hupita kwa wepesi kuliko inavyotarajiwa, kwa kuwa chembe hukimbilia katikati ya mkondo na kuacha utando wa utegili pembeni, unaolainisha njia.

Mwisho wa safari hiyo ni kapilari, mishipa midogo kuliko yote, ambako oksijeni hutoka katika damu na kuingia katika viungo. Kapilari nyingi zina upana wa mikromita 5 hadi 10, ilhali chembe nyekundu ina upana wa mikromita 8 hivi. Maana yake ni kwamba mara nyingi mlango ni mwembamba kuliko mpitaji. Chembe hupita moja baada ya nyingine, kila moja ikijikunja, ikijinyoosha, na kujirudi katika umbo lake baada ya kupita. Chembe hiyo huishi siku 120 hivi, na katika siku zote hizo kazi yake hutegemea sifa moja ambayo haionekani katika hesabu ya kawaida ya damu, nayo ni ulaini. Chembe iliyokakamaa, hata kama imejaa oksijeni, haifai kitu isipoweza kupita. Ndiyo maana mgonjwa wa selimundu hupata maumivu makali: chembe zake hukakamaa na kupinda zinapopungukiwa na oksijeni, kisha huziba njia.

Kuta zinazojongea

Ukuta wa kapilari umejengwa kwa tabaka moja tu la seli, na upande wake wa ndani umefunikwa na utando laini wa sukari na protini. Utando huo huzuia chembe zisigandie ukutani, na pia huamua ni kiasi gani cha maji kinachopenya kutoka nje. Mwaka 1896, mwanafiziolojia Mwingereza Ernest Starling alieleza kwamba maji hutoka mshipani kwa nguvu ya msukumo wa damu na kubakizwa ndani kwa nguvu ya protini za utegili. Maelezo hayo yamesahihishwa na kuongezewa katika miongo ya karibuni, hasa baada ya kazi ya utando ule kufahamika, lakini msingi wake umesimama: mshipa mdogo ni mfereji unaovuja kwa kipimo.

Mkulima wa mpunga wa Kilombero halihitaji somo refu ili kulielewa jambo hili. Anajua kwamba mfereji wa udongo unaopeleka maji katika majaruba haufanani na bomba la chuma. Bomba ukilisukumia maji mengi, maji mengi yatafika mwisho wake. Mfereji wa udongo ukisukumiwa maji mengi kwa mara moja, kingo hulowa, hulainika na kumeguka; maji hutapakaa njiani, na jaruba la mwisho, lile lililokuwa likinyauka, hubaki kavu. Mfano huu una mipaka yake, kwa maana mshipa ni kiungo hai kinachojirekebisha. Hata hivyo unaonyesha kosa kuu la kufikiri kwamba kusukuma zaidi ni kupitisha zaidi.

Katika mwili, maji yanayovuja hukusanyika kati ya seli na kuzibana kapilari kutoka nje. Mrija mgumu hauathiriki na kubanwa huko, lakini mrija laini husinyaa. Ubongo ndio unaoteseka zaidi, kwa kuwa umefungiwa ndani ya fuvu lisilotanuka: uvimbe wowote hukandamiza mishipa midogo inayoulisha. Hivyo maji yaliyokusudiwa kuongeza mtiririko yanaweza, katika hali fulani, kuupunguza.

Kuta hizo pia hulegea na kukaza kwa amri. Mojawapo ya vitu vinavyoamuru kulegea ni gesi ya nitriki oksaidi, inayotengenezwa na seli za ukuta wenyewe. Mwaka 1996, utafiti uliofanywa kwa watoto wa Tanzania ulionyesha kwamba kadiri malaria ilivyokuwa kali ndivyo uzalishaji wa gesi hiyo ulivyokuwa mdogo. Kwa maneno mengine, mtoto mwenye malaria kali hupata pigo mara mbili: chembe zake hukakamaa, na kuta za mishipa yake hupoteza sehemu ya uwezo wa kuzipisha.

Vimelea vinavyojificha

Bonde la Kilombero lina historia ndefu na malaria. Limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, na mto wake hufurika kila masika na kuacha rutuba ya mpunga pamoja na madimbwi ya mazalia ya mbu. Mwanazoolojia Mswisi Rudolf Geigy alifika Ifakara mwaka 1949, na maabara ya utafiti ikaanzishwa mwaka 1957. Kutokana na mbegu hiyo ikakua taasisi inayojulikana leo kama Taasisi ya Afya Ifakara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vipimo vilivyofanyika katika kijiji cha Namawala vilionyesha kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Katika muongo huo huo, mradi wa kusambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga ulianza, na tathmini yake iliyochapishwa mwaka 2001 ilihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la uwezekano wa mtoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne kubaki hai. Ni mafanikio ambayo dunia nzima imejifunza kwayo, na maambukizi katika bonde yameshuka mno tangu siku zile.

Hata hivyo, kushuka si kutoweka. Wakati wa kilimo, familia nyingi huhamia mashambani mbali na kijiji na kukaa huko wiki nyingi mpaka mpunga uvunwe. Homa ya mtoto ikipanda usiku, safari ya kufikia huduma huwa ndefu, na degedege likianza, wengine hupitia kwanza kwa mganga wa jadi. Anapofika kituoni, mtoto huyo huwa amechoka, anapumua kwa shida, na mikono yake ni ya baridi. Huyo ndiye mtoto ambaye hatima yake huamuliwa katika kapilari.

Kimelea cha malaria aina ya falsiparamu huishi ndani ya chembe nyekundu kwa mzunguko wa saa 48. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko huo, chembe iliyoambukizwa huzunguka mwilini pamoja na nyingine. Katika nusu ya pili, kimelea hupeleka protini zake kwenye ngozi ya chembe na kuotesha vinundu vinavyonata. Chembe hiyo hukakamaa, hugandia ukuta wa mshipa mdogo, na kukaa hapo. Kwa kufanya hivyo kimelea hukwepa wengu, kiungo kinachochuja chembe zilizokakamaa kwa kuzipitisha katika nyufa nyembamba mno. Chembe nyingine hushikamana nayo, njia hupungua, mkondo hupoteza kasi, na damu, kama ilivyokwisha kuelezwa, huwa nzito zaidi kadiri inavyokwenda polepole. Hata chembe ambazo hazina vimelea hupoteza ulaini wake katika malaria kali, na tafiti za wagonjwa zimeonyesha kwamba kiwango cha ukakamavu huo huendana na hatari ya kifo.

Kutokana na hayo yapo mambo mawili ya kuzingatiwa kitandani. Kwanza, slaidi ya damu iliyochukuliwa kidoleni huonyesha vimelea vinavyozunguka tu. Vile vilivyogandia kwenye mishipa ya ubongo na utumbo havionekani. Idadi ndogo ya vimelea chini ya hadubini haimaanishi ugonjwa mdogo. Pili, mikono ya baridi ya mtoto huyu haisababishwi lazima na upungufu wa maji mwilini. Mtoto aliyeharisha siku mbili ana mishipa iliyopungukiwa na ujazo. Mtoto wa malaria kali ana mishipa iliyozibwa. Kwa macho wanaweza kufanana. Kwa tiba hawafanani.

Ushahidi kutoka hospitali sita

Kwa miaka mingi, mafunzo ya kimataifa ya dharura za watoto yalisisitiza kwamba mtoto mwenye dalili za mshtuko wa mzunguko wa damu apewe maji mengi kwa haraka. Mantiki yake ilikuwa ya bomba: msukumo umeshuka, basi ongeza ujazo. Mantiki hiyo ilipimwa katika utafiti mkubwa uitwao FEAST, ulioendeshwa katika hospitali sita: nne za Uganda, moja ya Kilifi nchini Kenya, na moja ya Muheza mkoani Tanga. Muheza iko mbali na Ifakara, lakini wagonjwa wake hawatofautiani sana na wa Kilombero: watoto wenye homa kali, wengi wao wakiwa na malaria na upungufu wa damu, katika hospitali zisizokuwa na chumba cha uangalizi maalumu wala mashine za kupumulia.

Katika kundi kuu la utafiti huo waliingizwa watoto 3,141 wenye homa kali, dalili za mtiririko hafifu wa damu, na fahamu zilizopungua au shida ya kupumua. Wale wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakujumuishwa. Makundi mawili yalipewa maji kwa haraka, ama ya chumvi ama ya albumini, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito katika saa ya kwanza. Kundi la tatu halikupewa maji ya haraka. Lilipata dawa za malaria, viuavijasumu, damu kwa waliohitaji, na maji ya kawaida ya kujikimu. Januari 2011 utafiti ulisitishwa kabla ya wakati, na matokeo yakachapishwa mwaka huo huo. Katika saa 48 za mwanzo, vifo vilikuwa asilimia 10.6 kwa waliopewa albumini kwa haraka, asilimia 10.5 kwa waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, na asilimia 7.3 kwa wasiopewa. Kwa kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, watatu zaidi walipoteza maisha.

La kutafakarisha zaidi ni kwamba waliopewa maji ya haraka walionekana kupata nafuu mapema: katika saa ya kwanza, dalili za mshtuko ziliondoka kwa wengi zaidi miongoni mwao. Rangi ilirudi kidoleni, muuguzi akashusha pumzi, mama akashukuru. Kisha, saa kadhaa baadaye, hali ikageuka. Vifo vya ziada havikutokana hasa na mapafu kujaa maji, kama wengi walivyotarajia, bali na mzunguko wa damu kushindwa. Uchambuzi mpya wa takwimu hizo uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba maji ya haraka yaliambatana na kuzorota kwa upumuaji na fahamu, kuongezeka kwa tindikali katika damu, na kushuka kwa himoglobini. Mtoto ambaye tayari ana chembe chache zinazobeba oksijeni, na ambaye chembe hizo hupita kwa taabu, huwa ameongezewa maji yanayozichujua zaidi.

Wapo wanaopinga kwa hoja kwamba matokeo haya yalitokana na uhaba wa vifaa, na kwamba mtoto yule yule angenusurika kama angekuwa na mashine ya kupumulia. Huenda baadhi yao wangenusurika. Lakini watoto wa makundi yote matatu walilazwa katika wodi zile zile, wakihudumiwa na watu wale wale. Tofauti iliyokuwapo ni maji. Isitoshe, watoto wengi wa Kilombero, Ulanga na Malinyi hutibiwa katika mazingira ya namna hiyo hiyo. Ushahidi uliopatikana kwao ndio unaowahusu kuliko ule uliotoka katika hospitali za Ulaya.

Upo pia upinzani wa upande wa pili, nao unastahili kusikilizwa zaidi: kwamba maonyo haya yanaweza kuwatia hofu wahudumu hata wakamnyima maji mtoto anayeyahitaji. Hatari hiyo ni ya kweli. Mtoto aliyekaushwa na kuharisha, mgonjwa wa kipindupindu na mama anayevuja damu baada ya kujifungua wana upungufu halisi wa ujazo, na kuwacheleweshea ni kuwapoteza. Dawa yenye nguvu haiachwi kwa sababu inadhuru ikitumiwa vibaya. Hupewa anayestahili, kwa kipimo chake.

Kidole na saa

Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake mwaka 2016. Kwa mujibu wa mwongozo huo, mtoto huhesabiwa kuwa katika mshtuko anapokuwa na dalili tatu kwa pamoja: mikono au miguu ya baridi, mapigo dhaifu yaendayo kasi, na damu inayochukua zaidi ya sekunde tatu kurudi kidoleni baada ya kubonyezwa. Mwenye dalili zote tatu hupewa mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo, kwa muda wa dakika 30 hadi 60, huku akiangaliwa kwa karibu. Mwenye dalili moja au mbili hapewi maji ya haraka.

Kipimo cha tatu kinastahili kutukuzwa, kwa sababu ndicho chombo cha kuangalia mishipa midogo kinachopatikana katika zahanati ya mwisho kabisa ya bonde. Muuguzi huinua mkono wa mtoto hadi usawa wa moyo, hubonyeza ncha ya kidole kwa sekunde tano mpaka iwe nyeupe, huachia, kisha huhesabu. Anachokipima kwa hesabu hiyo ndicho hicho Poiseuille, Fåhræus na Starling walichokitafuta kwa mirija na vioo: muda unaohitajika kwa kimiminika chenye tabia ngumu kujaza upya njia finyu zenye kuta laini. Hakuna umeme unaohitajika, wala kemikali. Inahitajika saa yenye mshale wa sekunde, mwanga wa kutosha, na mtu aliyefundishwa kutokisia.

Kipimo hiki nacho kina udhaifu. Usiku wa baridi, kidole cha mtoto mzima wa afya kinaweza kuchelewa kurudisha rangi. Tena, kama watoto wa hospitali zile sita walivyofundisha, kidole kilichorudisha rangi katika saa ya kwanza si hati ya kupona. Ndiyo maana dalili husomwa tatu kwa pamoja, na husomwa tena na tena.

Yanayopaswa kufanyika

La kwanza ni la vyuo. Ifakara imejaliwa kuwa na hospitali ya rufaa, chuo kikuu kishiriki cha afya na taasisi ya utafiti katika mji mmoja. Mwanafunzi anayejifunza kanuni ya Poiseuille darasani asubuhi anapaswa, mchana wa siku hiyo hiyo, kuambiwa wodini ni wapi kanuni hiyo inakoma. Fizikia ya damu ikifundishwa mbali na kitanda cha mgonjwa husahaulika baada ya mtihani; ikifundishwa kwenye kidole cha mtoto, hubaki.

La pili ni la maandishi. Dawa yoyote ya sindano huandikwa kipimo, muda na sababu, lakini dripu aghalabu huandikwa kwa idadi ya chupa. Inafaa kila dripu ya mtoto iandikwe mililita kwa kilo, dakika zitakazotumika, sababu ya kuitoa, na saa ambayo mtoto ataangaliwa tena ili kuamua kuendelea au kusimamisha. Mistari minne ya wino inaweza kuzuia madhara ambayo hakuna mashine itakayoyafuta.

La tatu ni la vifaa, na hapa hatua za gharama ndogo ndizo zenye tija. Kituo kinachopokea watoto wenye homa kali kinahitaji kipimo cha himoglobini, kipimo cha sukari ya damu, oksijeni, artesuneti ya sindano na njia ya uhakika ya kupata damu salama. Utafiti uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba artesuneti ya sindano ilipunguza vifo vya watoto wenye malaria kali kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini. Dawa hiyo huua hata vimelea vichanga vinavyozunguka, kabla havijakomaa na kugandia ukutani. Kwa hiyo hulinda kapilari kwa namna ambayo chupa ya maji haiwezi. Mtoto mwenye upungufu mkali wa damu naye anahitaji damu. Kumtundikia maji wakati damu inatafutwa, kwa kuwa ndiyo yaliyopo karibu, ni kumrudisha nyuma.

La nne ni la lugha, na huenda ndilo gumu kuliko yote. Familia iliyotoka ng'ambo ya mto na kutumia akiba yake kwa nauli ina haki ya kuelezwa kwa nini mtoto wake hajatundikiwa chupa. Kunyamaza huzaa shaka, na shaka humfanya mhudumu akubali shinikizo. Maneno yanaweza kuwa machache: "Mama, mwanao hajapungukiwa maji, amepungukiwa damu, na njia zake za damu zimeziba kwa malaria. Maji mengi yatamwongezea mzigo. Tumempa dawa ya kuzibua njia, na damu inatafutwa. Tutarudi kumwangalia baada ya nusu saa." Bibi aliyekuja na mama huyo ataelewa, hasa akiona kwamba baada ya nusu saa muuguzi amerudi kweli. Katika hospitali nyingi, dripu imekuwa ikisimama mahali pa uangalizi: chupa hubaki na mgonjwa wakati mhudumu ameondoka. Kuiondoa chupa isiyohitajika bila kuongeza uangalizi kutaonekana, kwa haki kabisa, kuwa ni kumtelekeza mtoto.

Bonde la Kilombero limeifundisha dunia mengi kuhusu mbu, chandarua na nyumba. Sehemu ya mwisho ya safari ya kimelea, ile ya ndani ya mishipa isiyoonekana, inastahili umakini wa namna hiyo hiyo kutoka kwa watafiti, walimu, waganga wakuu wa wilaya na wauguzi wa zamu ya usiku. Kabla ya kufungua kibano cha dripu, kila mmoja wao anapaswa kuwa na jibu la swali moja: mtoto huyu amepungukiwa na maji, au njia za damu yake zimeziba? Asiye na jibu bado hajawa na sababu ya kuifungua; na abaki hapo kitandani, ashike mkono wa mtoto, aanze kuhesabu sekunde.